Nilivyowashwa Usiku Hadi Shangazi Alipokula

Élisabethville, kambi ya reli
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpenzi,

Kabla hujamuuliza Katekista kama niko mzima, niko mzima. Hata nimenenepa kidogo, suruali ya kazi sasa inanibana. Na wewe je? Ule mguu uliokusumbua wakati wa mvua umetulia? Yule mbuzi mwenye pembe moja bado anakula nguo za watu? Dada yangu Agathe amejifungua salama, na mtoto ni mvulana au msichana? Nijibu yote hayo, usimwache Katekista aandike tu "sisi wazima, Mungu asifiwe" kama barua iliyopita. Namjua, mkono wake huchoka upesi.

Nawe Katekista Kasongo unayemsomea Mama barua hii, pokea salamu zangu. Nakuomba usome polepole wala usiruke mahali. Pakikuchekesha, cheka kwanza umalize, halafu uendelee.

Mama, najua umelalamika kwamba nimekaa kimya. Sikuwa na habari ya kukuandikia isipokuwa moja, na hiyo ilikuwa ya kuona haya. Nilikuwa ninawashwa. Kila usiku, mwili mzima, bila sababu ya kuonekana, hata nikafikiri nitaivua ngozi yangu niitundike mlangoni. Na muwasho huo karibu uninyang'anye Véronique. Sasa umekwisha, na moyo wangu una furaha nyingi mno, kwa hiyo ninaweza kukueleza yote tangu mwanzo.

Véronique unamjua kwa barua zangu. Mama yake alikufa siku ya kumzaa. Baba yake yuko Kambove, mgodini, na binti alilelewa hapa mjini na dada ya baba yake, Shangazi Philomène, mjane anayeuza samaki wakavu sokoni. Ni mama mnene, mwenye sauti ya kuita treni irudi nyuma, na mimi nilimwogopa tangu siku ya kwanza. Baba alipoulizwa habari ya ndoa, alijibu kwamba neno lote liko kwa dada yake. Na desturi yetu unaijua kuliko mimi: mkubwa wa upande wa msichana akija kuitazama nyumba ya kijana, jibu liko katika kula. Akila chakula chako, amekubali. Akisema "nimeshakula", basi chukua kofia yako ukatafute kwingine, hakuna ugomvi wala maelezo.

Ndiyo maana ulinitumia ule mfuko. Ngoie, mtoto wa mjomba, yule anayepakia kuni katika meli, aliuleta kutoka Kabalo mpaka Bukama, akapanda nao treni mpaka hapa. Nilimpokea kituoni. Alikuwa ameukumbatia kifuani, akayasema maneno yako kwa sauti yako mwenyewe na kidole juu:

"Mama alisema: hii ni ya bakwe. Usifungue, usikate kamba, mpaka siku bakwe bataingia mu nyumba."

"Kuko nini ndani?" nikamuuliza.

"Finkubala. Alishona mbele ya miye kufika, sikuona na macho."

Finkubala, viwavi vya kula, ni nani asiyefurahi? Mate yalinijaa palepale kituoni. Nilidhani ni vile vyeusi, vikavu, laini, vinavyouzwa hapa sokoni kwa kopo. Kwa nini nidhani vingine? Wewe ulinipeleka misheni kujifunza useremala nikiwa mdogo, na viwavi nilivijua sahanini tu. Mambo ya kuviokota mlimani yalikuwa ya wanawake. Nilikwenda nyumbani na mfuko wangu begani, nikiimba.

Nyumba yangu ni chumba kimoja cha matofali, chenye mlango na dirisha dogo, na jiko nyuma. Kitanda nilikiunda mwenyewe kwa mabaki ya mbao za mabehewa, maana kazi yangu katika karakana ni kutengeneza sakafu za mabehewa. Ni kitanda kizuri, wengi wamekisifu. Nikausukuma mfuko chini yake, nikamshukuru Mungu kwa kunipa mama mwenye akili, nikalala.

Kulikuwa na baridi kali ya mwezi wa sita. Hapa baridi hiyo si mchezo, asubuhi majani yanakuwa meupe, na mtu akilala hujifunika mpaka masikio. Nikaamka najikuna mgongo. Nikajikuna, nikalala tena, nikaamka najikuna mapaja. Asubuhi nikajitazama: vipele vidogo vyekundu, hapa na pale. Nikasema, kunguni.

Vita na kunguni ninavijua. Nilikitoa kitanda nje, nikamwaga maji ya moto katika kila ufa, nikapaka mafuta ya taa, nikazikung'uta blanketi mpaka mikono ikauma. Hata kunguni mmoja sikumwona. Nikafagia chini ya kitanda kwa nguvu zote, nikausogeza mfuko huku na huku, vumbi likajaa chumba kizima. Usiku ule niliwashwa mara mbili ya usiku uliopita.

Kisha nikaanza kusikia kitu. Mchakacho, mdogo sana, chini ya kitanda. Nikawasha taa, kimya. Nikazima, mchakacho tena. Nikakaa wima kitandani: panya! Panya wameugundua mfuko wa Mama! Mama, ningekubali waniume mimi masikio kuliko watoboe mfuko ule. Basi unajua nilifanya nini? Katekista, hapa usiruke. Niliutoa chini ya kitanda nikaulaza kitandani, ubavuni mwangu, ndani ya blanketi, mkono wangu juu yake. Nililala nao kama mtu na mke wake. Na muwasho ukapanda shingoni, ukaingia kwapani, ukafika mahali ambapo Katekista hawezi kupasoma mbele yako.

Nikaenda kwa mganga wa kambi, mtu mpole mwenye miwani. Alinitazama vizuri, mbele na nyuma. Akauliza: "Unalalaka na nini?"

"Na blanketi yangu, monsieur."

"Na kitu ingine?"

"Hapana. Niko peke yangu."

Akacheka, akasema kuwa vijana wote husema hivyo. Alikuwa ameuliza swali la kweli kabisa, Mama, ila mimi sikuufikiria mfuko. Mfuko ulikuwa chakula cha wakwe, nani angeuhesabu na vitu vya kulalia? Akanipa dawa ya njano ya kupaka, inayonuka kama mayai yaliyooza. Nikaipaka. Karakanani wenzangu wakaanza kufanyia kazi upande ule mwingine wa behewa. Muwasho ukabaki palepale, sasa una harufu.

Halafu likatokea jambo la ajabu. Msimamizi alitutuma Sakania, kule mpakani, kutengeneza mabehewa yaliyoharibika sakafu. Nikaufunga mfuko kwa kamba, nikautundika kwenye boriti ya paa mahali ambapo panya hawezi kufika, nikafunga mlango, nikaenda. Kule tulilala ndani ya behewa tupu, juu ya magunia, baridi ikipita kila upande. Sikujikuna hata mara moja! Nililala mpaka wenzangu wakaniamsha kwa maji. Vipele vikakauka, ngozi ikawa yangu tena. Nikarudi Élisabethville nikicheka peke yangu njia nzima. Nikaushusha mfuko, nikaupa pole kwa upweke, nikauweka mahali pake kitandani. Kabla ya jogoo kuwika nilikuwa nimekaa sakafuni, ninajikuna kwa kipande cha mbao.

Jirani yangu Banza, tunayefanya naye kazi, alinisikiliza akatikisa kichwa.

"Célestin, ngozi yako haina kosa. Ile nyumba njo haiko muzuri. Kule Sakania ulipona, hapa unajikuna. Unaona? Kuya ulale kwetu, uone kama itakufuata."

Maneno yake yalikuwa na akili. Nikachukua blanketi yangu nikaenda kwa Banza, nikatandikiwa mkeka karibu na watoto. Na mfuko, Mama? Ningeuachaje peke yake katika nyumba yenye panya na uchawi? Nilikwenda nao. Niliuweka chini ya kichwa, ukawa mto wangu.

Asubuhi nilijikuna mimi, wakajikuna watoto, Banza akajikuna tumbo akijificha asionekane. Mke wake, Mama Odette, ni mwanamke mwenye moyo mzuri na mdomo usio na kifuniko. Alitoka uani na fagio mkononi, akapaza sauti mpaka kambi nzima ikafungua madirisha:

"Batoto yangu yote banajikuna! Kumbe nyumba haiko na kosa, ni yee! Anatembea nayo! Célestin, chukua mapele yako na blanketi yako, urudi kwako!"

Nikachukua blanketi yangu. Na mfuko wangu.

Kuanzia siku ile habari ilinitangulia kila mahali nilikokwenda. Bombani wanawake walisema upele. Sokoni ikawa kitu kibaya zaidi, na ilipofika kwenye meza ya samaki ya Shangazi Philomène ilikuwa tayari ni ukoma. Jumapili kanisani nilikaa katika benchi la wanaume, na pande zote mbili watu wakasogea, nikabaki peke yangu kama mshumaa. Nilisali, lakini sala yenyewe ilikuwa moja tu: Bwana, wasininyime Véronique. Nikitazama upande wa wanawake niliona kitambaa chake cha kichwa na, karibu naye, mgongo mpana wa shangazi yake.

Baada ya misa watu walisimama uwanjani kuamkiana, na mimi nikawa ninapita pembeni niende zangu. Véronique akatoka katikati ya wanawake, mbele ya wote, akanijia moja kwa moja.

"Leta mukono," akasema.

"Véronique, bantu banaangalia."

"Baangalie. Macho ni yabo, mukono ni yangu."

Akaushika, huu huu wenye vipele na dawa ya njano, akaushika kwa mikono yake miwili. Mama, kijana na msichana hawashikani mikono hapa uwanjani pa kanisa. Mimi nilitaka ardhi ipasuke, na papo hapo nilitaka asiniachie kamwe. Shangazi alikuja kwa hatua zake nzito. Hakumkemea. Alinitazama mimi.

"Yumapili ile inakuya nitafika kwako. Nitakuangalia mwili. Kula, sisemi. Nitakuangalia kwanza."

Nilielewa vizuri alichotaka kusema. Mtu anayetangaza kabla ya wakati kuwa hazungumzii kula, ameshaamua nusu. Wiki ile sikuonja chakula. Kazini niligonga kidole kwa nyundo badala ya msumari.

Jumapili ikafika. Nilichinja jogoo wangu, nikapika mwenyewe, maana Mama Odette alikuwa bado ameninunia na Véronique yuko upande wa wakwe, hawezi kunipikia. Bukari yangu, ule ugali wa hapa, ilikuwa na mabonge. Nilifagia ua mara nyingi mno, nikakodi kiti kizuri. Wakaja wawili tu, Shangazi mbele, Véronique nyuma yake macho chini.

"Toa shimishi," akasema Shangazi kabla hata ya kukaa.

Nikavua shati pale uani, majirani wote wakiwa na kazi ya ghafla karibu na ua wangu. Akanizunguka kama mtu anunuaye ng'ombe. Akabonyeza hapa, akavuta pale. Kisha akachomoa sindano ya kushonea katika kitambaa chake cha kichwa, akanidunga begani. Nikaruka, nikalia "mama weee!" Akanidunga mahali pengine penye doa, nikalia tena kwa sauti kubwa zaidi.

"Analia," akasema kwa majirani. "Mwenye bukoma hasikiaki sindano. Haiko bukoma."

Nikamwona Véronique anapumua. Lakini Shangazi aliirudisha sindano kitambaani na uso wake haukufunguka. "Lakini iko na kitu. Na kile kitu hakina jina. Miye siwezi kutia mutoto wa kaka yangu mu blanketi ya muntu iko na kitu haina jina."

Nikamkaribisha ndani. Akaingia kwa heshima, akakaa. Nikaleta maji ya kunawa, kuku, na bukari yangu ya mabonge. Hakunawa. Akasema, kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo:

"Aksanti, mutoto. Nimeshakula."

Mama, nilisikia maneno hayo kama mlango unaofungwa. Véronique aligeukia ukuta. Nilisimama na bakuli la maji mkononi, sikujua niliweke wapi. Kisha nikakumbuka neno lako, kwamba mfuko ufunguliwe siku wakwe watakapoingia. Nikasema moyoni, hata kama nimemkosa binti, nitamtii mama yangu. Nikaenda kitandani, nikafunua blanketi, nikautoa.

"Shangazi, Mama yangu alituma hii toka kwetu. Alisema ni ya bakwe. Kama unakula, kama haukule, ni yako."

Zawadi ya mama haikataliwi. Akauvuta magotini, akaitazama mishono yako.

"Mama yako anajua kushona," akasema. Akaomba kisu, akakata kamba.

Ndani ya gunia mlikuwa na mfuko wa majani ya ukindu, na ndani ya huo, mifuko ya kahawia yenye utando kama karatasi nzito, inayong'aa kidogo. Mimi sikuelewa kitu. Shangazi aliingiza mkono, akatoa mmoja, akaupasua kwa kisu. Viwavi vya manyoya, hai, vimelala vimebanana! Akaanza kujikuna mkono. Akautazama mkono wake unaowasha. Akatazama viwavi. Akanitazama mimi, kuanzia shingo mpaka miguu, polepole.

"Célestin."

"Niko, Shangazi."

"Hii mufuko ulikuwa naiweka wapi?"

"Kitandani."

"Chini ya kitanda?"

"Kwanza chini. Kisha nikasikia panya. Nikaiweka ndani ya blanketi."

"Ulilala nayo?"

"Kila siku, Shangazi. Kwa Banza nilifanya nayo muto."

Shangazi alikishusha kisu. Kisha mabega yakaanza kutikisika, kisha kiti nilichokodi, kisha alishuka sakafuni mzima mzima, akipiga mkeka kwa kiganja, machozi yakimtiririka. "Yee mama! Alilala nayo! Aliisikia inatembea, akasema ni panya! Véronique, kuya uone bwana yako!" Mama, alisema bwana yako. Sikulikamata neno hilo palepale, nililikuta baadaye.

Véronique naye alikuwa amekaa chini, uso ndani ya kitenge, anacheka bila sauti mpaka akakwama. Mama Odette hakuweza kuvumilia, akaingia bila kubisha kuuliza kuna nini, na alipoambiwa akashika mlango asianguke. "Kumbe batoto yangu balilala na finkubala ya bakwe!" Akatoka mbio kwenda kutangaza, kwa fagio lilelile na kwa sauti ileile.

Shangazi alipomaliza kucheka alikiinua kiwavi kimoja kwa ncha ya kisu. Alisema kwamba aliondoka kaskazini akiwa msichana, kumfuata mumewe aliyekuja kutandika reli, na tangu siku ile hajaviona viwavi hivi. Mama yake alikuwa akivitunza hai hivihivi katika mifuko ambayo viwavi hujifumia vyenyewe, ili wageni wakija wapewe vibichi. Alifuta macho, na safari hii hakuwa anacheka. Kisha akajifunga kitenge, akajipaka mawese mikononi, akatutoa sote jikoni.

Alifanya moto mkubwa nje. Akavichoma viwavi katika majivu ya moto mpaka manyoya yote yakaungua, akavipepeta kwa ungo, akavichemsha na chumvi, akavikaanga katika mawese. Harufu ile iliingia kila nyumba ya kambi. Bukari yangu aliitazama mara moja, akampa mbwa, akasonga nyingine.

Unajua mwana-mkwe hakai kumtazama mkwe akila. Nikatoka, nikasimama nyuma ya ukuta, sikio kwenye matofali. Kupika si kula, Mama. Wengi hupika wakawagawia watu, wao wenyewe wakaondoka kinywa kikavu. Nilisikia sahani inawekwa. Nikasikia maji ya kunawa. Kisha hakuna kitu, muda mrefu, nami nikihesabu dhambi zangu zote. Véronique akatokea mlangoni. Alinitazama, akapeleka vidole vyake mdomoni, akatafuna hewa, polepole, macho yamejaa maji.

Nilikaa pale pale chini kwenye vumbi nikalia, mimi mwanaume mzima, na sioni haya kukuandikia.

Kutoka ndani ikaja ile sauti ya kuita treni: "Célestin! Chumvi iko wapi mu hii nyumba yenu?"

Nyumba yenu! Nilileta chumvi mbio mpaka nikaimwaga nusu. Mama Odette alikuja na sahani yake, Banza na munkoyo wa kunywa, hata mganga wa kambi alipita kwa bahati, akala, akasema dawa hii ni bora kuliko yake ya njano. Watu wale wale waliosogea kanisani walikaa bega kwa bega nami kwa kukosa nafasi kwenye mkeka. Tulikula mpaka tukakwangua sufuria.

Kesho yake Mama Odette alinisaidia kuchemsha blanketi, nikaparuza kitanda kwa randa na kukisugua kwa majivu. Usiku ule nililala bila kugeuka, nikachelewa kazini. Msimamizi alinifokea mbele ya wote, nami nilikuwa nikimtazama nikitabasamu kama mjinga.

Sasa nikuulize, Mama yangu, kwa heshima zote: ungekufa kama ungemwambia Ngoie neno moja, kwamba ndani mna manyoya? Shangazi anasema kila mtu anajua. Mimi sikujua! Kidogo tu unimalizie uchumba, halafu ukaniozesha kwa mfuko uleule. Sijui nikushukuru kwanza au nikukasirikie kwanza. Nimejaribu kukasirika, imenishinda.

Baba yake Véronique aliposikia habari kule Kambove alijibu: kama dada yangu amekula, mimi nimeshiba. Leo Padri amesoma majina yetu kanisani kwa mara ya kwanza, jina langu na lake pamoja kwa sauti kubwa, na masikio yangu bado yana moto. Ndoa itafungwa kabla ya mvua. Véronique anashona gauni lake mwenyewe kule kwa masista, na haniruhusu kuliona.

Mama, najua umeapa hutapanda meli kamwe tangu ile siku ilipokwama mchangani. Ngoie amesema atakuketisha katikati kabisa, usiyaone hata maji. Nami nitakuja mpaka Bukama kukupokea. Njoo. Nina furaha kubwa na inakukosa wewe tu.

Nisalimie dada yangu Agathe na mtoto wake nisiyemjua jina. Msalimie mjomba, baba yake Ngoie, umwambie mwanawe anafanya kazi vizuri na hanywi sana. Msalimie mama yangu wa ubatizo, na mfinyanzi jirani yako anayekuchotea maji mguu ukiuma, Mungu amlipe. Katekista Kasongo, kama umefika hapa bila kuruka, wewe ni mtu wa kweli, na kuna zawadi yako ya tumbaku nitamkabidhi Mama.

Ninakukumbatia kwa mikono isiyo na kipele hata kimoja.

Mwanao akupendaye,
Célestin

Mama,

Ni miye Véronique. Célestin alienda kuteka maji, aliacha karatasi kwa meza, ninaandika mbio. Shangazi alinilea toka udogo, alinipenda sana, lakini kumwita mama alinikatalia. Alisema, ile neno ni ya mama yako alikufa, uiweke. Niliiweka. Sikuita nayo muntu hata siku moja. Leo Padri alisoma jina yetu, na Shangazi akaniambia: sasa uko na muntu wa kumupa.

Njo maana naandika hapa juu kwanza, nione kama mukono inaweza: Mama. Kumbe inaweza. Kuya, niiseme na mudomo.